Namba ya Mama Antena

Neno lake lilikuwa "bado." Ukimuuliza kama chai imechemka, bado. Ukimuuliza kama mwanawe amepiga simu kutoka nchi ya baridi anakoishi, bado. Na ukimuuliza, kama walivyomuuliza watu wengi, bahari ya Dar es Salaam inapanda kiasi gani kwa mwaka, aliinua miwani mpaka kwenye paji la uso, akakutazama kama mtu anayedai ugali na maji hayajawekwa jikoni, akasema, "Bado."

Sisi tuliofundishwa naye upimaji chuoni tulimwita Madam. Wapangaji wa ghorofa alilokaa, katikati ya Kariakoo, walimwita Mama Antena. Alikozaliwa sikuwahi kuuliza, na ndugu zake niliwaona mara moja moja tu. Kwa hiyo nitaanza na paa.

Juu ya paa lile, ghorofa nne kutoka barabarani, kulikuwa na nguzo fupi ya zege iliyoota juu ya nguzo kuu ya jengo. Juu ya nguzo kulikuwa na antena nyeupe, ya mviringo, kama sahani kubwa iliyofunikwa. Usiku na mchana ilipokea ishara za setilaiti, na kwa ishara hizo Madam alijua kimo cha mahali pale kwa undani ambao mtu wa kawaida asingeona umuhimu wake. Ardhi ikididimia kwa unene wa kadi ya simu, antena ingesema, mradi ipewe muda.

Kazi yake hasa ilikuwa hii. Bandarini kuna kipimo kinachoonyesha maji yamefika wapi kwenye gati. Lakini gati limesimama juu ya ardhi, na ardhi nayo haitulii. "Ukiona maji yamefika magotini," alituambia siku ya kwanza darasani, "usipige kelele. Jiulize kwanza: maji yamepanda, au mimi nimezama?" Setilaiti zinapima bahari kutoka juu, kipimo cha bandarini kinapima kutoka gatini, na antena ya Madam ilikuwa ya kusuluhisha ugomvi wa hao wawili.

Na ugomvi ule haukutaka haraka. Mwezi una mzunguko wake mrefu, karibu miaka kumi na tisa, ambao huyainua na kuyashusha maji taratibu kiasi kwamba hakuna mtu anayeuona. "Ukikata katikati," alisema, "umepima mwezi, hukupima bahari." Kwa hiyo alijiwekea sharti: hatatamka namba mpaka mzunguko ufunge. Chombo kililetwa na mradi wa wageni alipokuwa bado kazini. Wageni wakapima, wakapiga picha, mradi ukaisha, wakaondoka. Yeye akabaki na antena, akaiendesha kwa betri za gari na fundi wa redio wa mtaa wa pili. Alistaafu nayo. Nilipoanza kwenda kwake kila Jumamosi kumsaidia, mzunguko ulikuwa umebakiza miaka mitatu na kidogo. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yamekaa kwenye hiyo miaka mitatu na kidogo.

Mtu anaweza kudhani alikuwa mkali. Alikuwa mkali kwa nguo tu. Wapangaji walipenda kuanika paani, na antena ilikuwa na umbo zuri la kuanikia. Madam alikuwa akikaa mbele ya kompyuta yake ya zamani, akiona mstari umeruka, anatoka kwenye ngazi na kuita kuelekea ghorofa ya tatu, kwa mshona nguo.

"Bi Zuhura! Umeweka nini huko juu?"

"Mama Antena jamani, shuka moja tu! Hiyo sahani yako inaumwa na shuka?"

"Lina maji. Mchana wote nyumba hii imepanda na kushuka. Unalijua hilo?"

"Imepanda? Ndiyo maana nikachoka kwenye ngazi."

Ngazi nzima ikacheka, na Madam naye, akiwa ameshika fimbo yake. Kisha akapanda mwenyewe, magoti yakimuuma, akalitoa shuka, akalikunja vizuri, akalishusha mpaka mlangoni kwa mwenyewe. Hakuwahi kulitupa shuka la mtu.

Alijua kwamba mahali pale palikuwa pabaya. Darasani alitufundisha kwamba antena haifungwi juu ya jengo, wala karibu na mabati, wala sokoni. Nilipoona yake imefungwa juu ya jengo, karibu na mabati, sokoni, nilikaa wiki mbili nikijiuliza kama ni mtego, kama anangoja mwanafunzi wa kwanza atakayesema. Mwishowe nikasema.

"Mara ya kwanza niliiweka ufukweni, juu ya mwamba, kama kitabu kinavyotaka," alijibu. "Hata wiki haikumaliza. Niliikuta Buguruni, gereji moja, imegeuzwa juu chini, kuku wananywea maji."

"Kwenye ofisi za Posta je?"

"Huko nilipewa viti vya kungojea. Hapa kwangu nina ngazi na fimbo. Mwamba wangu ni huu."

Na kila mwaka alikodi wapimaji, au alituburuta sisi wanafunzi, tupime kutoka bandarini mpaka kwenye nguzo ya jengo lake, hatua kwa hatua, katikati ya mikokoteni na meza za machinga, ili ajue kama jengo lenyewe linatulia. Lilikuwa limetulia. Lilikuwa jengo la zamani, lilishakaa.

Bahari yenyewe hakuipenda. Sikumbuki kumwona amekaa ufukweni kwa starehe. Barafu ndiyo kabisa. Ukimpa juisi yenye barafu alikurudishia glasi: "Toa hiyo." Mwanawe alimtumia picha ya ziwa lililoganda, amesimama juu yake anacheka. Alimjibu maneno mawili: "Vaa soksi." Lakini muulize barafu iliyoko ncha za dunia, ile ambayo hakuwahi kuiona, aongee mpaka chai ipoe.

Nakumbuka siku alipomweleza Mangi. Mangi ni tajiri wa duka la jumla kwenye jengo la jirani, mtu wa Kilimanjaro, mwenye mikono minene na adabu nyingi. Kila Jumamosi alipita kumwamkia Madam na kumletea ndizi.

"Shikamoo Mama. Bahari imeamkaje?"

"Marahaba Mangi. Imeamka salama. Wewe barafu yenu huko mlimani vipi?"

"Imepungua Mama, inatia huzuni. Babu yangu aliiona imeshuka mpaka chini. Si ndiyo hiyo inayojaza bahari?"

"Ile? Ile ikiyeyuka yote bahari haitapata habari."

Mangi akaumia kidogo, nilimwona. Madam hakumwona. Alikuwa ameshaanza.

"Sikiliza. Grinlandi kuna barafu nene kama milima iliyopangwa. Uzito ule unavuta bahari, unaikusanya pembeni yake. Ni kama tajiri harusini. Akikaa meza fulani, watu wote wanasogea pale. Sasa tajiri anafilisika taratibu. Watu wanafanyaje?"

"Wanamkimbia, Mama. Hilo nalijua."

"Wanakimbilia wapi?"

"Meza nyingine."

"Meza za mbali kabisa. Barafu ya kule ikiyeyuka, karibu yake bahari inashuka, inatulia chini. Inapanda mbali. Meza za mbali ni sisi."

Mangi aliligeuzageuza ganda la ndizi mkononi. "Yaani waliofanya karamu ni wengine, na mafuriko ya kwetu?"

"Sikusema mafuriko. Nimesema inapanda."

"Kiasi gani?"

"Bado."

Akatueleza pia zile setilaiti mapacha zinazopima uzito wa barafu, moja mbele, moja nyuma, kama makuli wawili waliobeba bomba refu. Wa mbele akikanyaga shimo, wa nyuma anajua begani. Ya mbele ikifika juu ya kitu kizito huvutwa, inamwacha mwenzake kidogo, na ule mwanya kati yao ndio unaopimwa. Mwaka hadi mwaka mwanya unabadilika, kwa sababu mzigo chini umepungua. Mangi alisema, "Mungu mkubwa," kisha akarudi dukani kwake. Nadhani siku ile ndipo alipoamua kwamba lazima amfanyie Madam kitu.

Kwa watu wengine "bado" yake ilikuwa chukizo. Mvua kubwa ilipojaza bonde la Jangwani, alikuja mwandishi wa habari mwenye kamera. Alitaka Madam asimame paani aseme bahari imevamia jiji. Madam akasema, "Hii ni mvua, mwanangu, na mifereji iliyojaa taka."

"Lakini bahari nayo inapanda, Mama?"

"Inapanda."

"Kwa kasi gani?"

"Bado."

Hawakurusha hata sekunde moja. Nilikasirika kwa niaba yake siku nzima. Yeye alikuwa anakaanga dagaa. "Namba mbichi," alisema, "anaumwa tumbo aliyeila, si aliyeipika."

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilimaliza chuo na cheti kizuri, na hivi sasa nabandika vioo vya simu kwenye kibaraza Kariakoo, hatua chache tu kutoka kwenye ngazi zake. Nilipoomba barua ya kunitambulisha kwa waajiri, aliandika sentensi moja: "Kijana huyu hupima mara mbili." Niliisoma mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Ni sifa? Au anasema siamini mkono wangu? Hakuna ofisi iliyonipigia, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu ya sentensi au kwa sababu ya nchi. Nilimlaumu kimoyomoyo. Mtu mwenye jina kama lake angeweza kuinua simu. Hakuinua. Alinipa chai, akanipa mstari wa mchoro niutafutie kasoro, akaniuliza kama nimekula.

Kisha jengo la Mangi likaanza kupanda. La zamani lilibomolewa, na mahali pake zikaota nondo. Kila ghorofa iliyoongezeka ilifunika kipande cha anga upande wa kusini, na kila kipande kilikwenda na setilaiti zake. Madam alichora mduara wa anga kwenye karatasi, akawa anatia weusi wa penseli palipozibwa. Siku moja akamfuata Mangi kwenye mchanga na kokoto.

"Mangi, unanifungia anga."

"Nimeona Mama, na imenikosesha usingizi. Nitakufidia. Haki ya Mungu nitakufidia."

"Sitaki fidia. Sehemu iliyobaki inanitosha, ila usiongeze tena upande huu."

"Usiwe na shaka kabisa, Mama."

Alirudi ameridhika. Mimi niliyatafakari maneno yale njia nzima mpaka chumbani kwangu Buguruni, nikaona yana mlango wa nyuma mahali fulani, ila sikuona uko wapi.

Baadaye presha ikampanda Madam, akalazwa wiki kadhaa. Mimi nilikuwa nimepata kibarua cha kupima viwanja mkoani, cha muda. Kompyuta tuliiacha inafanya kazi yenyewe. Alipokuwa anatoka hospitali nilirudi kumpokea, na tulipofika tukakuta wapangaji kwenye ngazi wamevaa vizuri. Kulikuwa na kreti za soda. Bi Zuhura alikuwa ameshona kitambaa cha meza. Mangi alisimama mlangoni kwake, funguo za lifti mpya mkononi, anang'aa uso.

"Mama, leo hupandi ngazi. Twende."

Lifti ikatupeleka juu kabisa ya jengo lake. Huko, juu ya sakafu ya marumaru, kwenye bomba la chuma lililopakwa rangi ya bluu, ilikuwapo antena ya Madam. Ilikuwa imefutwa mavumbi mpaka inameremeta. Watu wakapiga makofi, Bi Zuhura akapiga kigelegele.

"Ghorofa ya kumi, Mama!" Mangi alisema. "Hakuna wa kukuzibia tena. Sasa uko karibu na setilaiti zenyewe!"

Madam alisimama na fimbo yake. Nilimtazama usoni nikatamani nisingemtazama.

"Mlipoitoa kule," alisema polepole, "mlipima?"

"Tulipima sana!" Mangi akamwita fundi wake. Fundi akaleta pimamaji, akaiegemeza kwenye bomba. Kiputo kikakaa katikati kabisa. "Ona mwenyewe. Imenyooka kama sala."

"Na ile nguzo ya zege?"

"Tumeivunja, ilikuwa inachukua nafasi," Bi Zuhura akadakia. "Tumekuwekea simtanki, Mama Antena! Maji hayatakatika tena. Na shuka tutaanika bila kukuudhi."

Wote walikuwa wanamtazama wakingoja. Walikuwa wameifanya siri wiki nzima, wakifungua mlango wa paa kwa zamu. Walimpenda. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Madam akipewa kitu kikubwa kuliko ndizi.

Bila nguzo ile hakukuwa tena na cha kuunganisha kimo cha zamani na kipya; vipimo vya miaka yote vilikuwa vimekatika. Mimi nilifungua mdomo. Alinishika mkono, akanibana kwa kucha.

"Ahsanteni," alisema. "Ahsante Mangi. Ahsanteni sana." Akaomba soda isiyo ya baridi, akainywa yote.

Jioni, tulipobaki wawili, nilimuuliza ilikuwa bado muda gani mzunguko ufunge. Alikuwa anavua viatu.

"Ilikuwa bado miezi minne," alisema. Sikuwahi kumsikia akilitumia neno lile kwa wakati uliopita.

Hapo tungeweza kuishia, na machungu yangekuwa ya nyumbani tu. Lakini Mangi alijivuna kwa zawadi yake, akaisimulia kwa kila mteja, na habari ikawafikia watu wa taasisi moja waliokuwa wanatafuta vituo vya kuunganisha kwenye mtandao wao. Walikuja, wakaipenda lifti, wakapenda marumaru, wakaunganisha nyaya. Jengo jipya hudidimia kwa uzito wake lenyewe miaka ya mwanzo, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Walichukua kudidimia kwa ghorofa la Mangi wakakuita kudidimia kwa Dar es Salaam. Ikatoka namba kubwa, ya kutisha. Ikasomwa redioni.

"Oya msomi," wenzangu wa kibaraza waliniambia, "tunazama kweli, au tuendelee kubandika vioo?"

Niliacha simu ya mteja juu ya meza, nikaenda kupanda zile ngazi.

Madam alikuwa amekonda. Dirisha lake, ambalo zamani lilileta mwanga, lilitazamana na ukuta wa Mangi. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza kama nimekula. Sikujibu.

"Madam, umesikia redio? Ile si ardhi. Ni jengo la Mangi. Waandikie!"

"Nimewaandikia."

"Wamesemaje?"

"Wamenishukuru kwa mchango wangu."

"Basi nenda ukaseme hadharani."

"Nikaseme nini? Kwamba Mangi ni mjinga, na Bi Zuhura ndiye aliyefungua mlango?" Alifuta miwani kwa ncha ya khanga. "Wale walikuja kunisalimia hospitali kila siku. Wewe ulikuja mara moja."

Iliniingia, na bado imo. Lakini sikuacha. "Basi toa namba yako. Ya kweli. Umekaa nayo miaka yote hii."

"Bado."

"Bado nini tena, Madam? Hakuna kinachoendelea! Unangoja nini?"

Nilikuwa nimepaza sauti. Chini, mashine ya Bi Zuhura ikanyamaza, kisha ikaendelea. Madam akaweka miwani mezani. Akanyanyua mkono wa kulia, akakutanisha kidole gumba na cha shahada, kisha akavitenganisha, kidogo, akavirudisha kidogo, akavitenganisha tena kwa upana wa unywele, mpaka vikatulia.

"Hiyo," alisema. "Kwa mwaka. Haikufunga, kwa hiyo usimwambie mtu."

Mwanya ulikuwa mdogo sana. Mwanga wa taa ulipita katikati, basi. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Watu wa pwani nzima walikuwa wanasukumwa na kitu kile, na hakikutosha kumtisha hata mtoto. Nilikutanisha vidole vyangu karibu na vyake, nikavilinganisha. Alinisogezea kidole cha shahada mpaka akaridhika.

"Haya," alisema, "nenda. Mteja wako anangoja."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona. Nilishuka ngazi mkono nimeuinua mbele ya kifua, vidole vimekaza, sipumui vizuri, nikikumbuka kwamba mwanya ule ulikuwa mnene kuliko kioo ninachobandika na mwembamba kuliko simu yenyewe, na kwamba kibarazani ninayo rula ya kuupimia. Nilivuka mfereji. Nilipita meza za viatu. Watu walinitazama kama mtu aliyebeba kitu kisichoonekana.

"Pisha! Pisha mzigo!"

Mkokoteni wa mahindi ulinigonga begani. Sikuanguka, ila nilishika ukuta, kwa mkono ule ule.

"Samahani bro," kuli alisema, akaendelea na safari.

Niliutazama mkono wangu. Nikavitenganisha vidole, kidogo. Nikavirudisha. Hapana. Nikavitenganisha tena. Juu yangu, kwenye bomba la bluu, antena ilikuwa inapima. Nilisimama pale katikati ya njia, watu wakinipita huku na huku, nikipima mara ya pili na ya tatu.